Mfereji ni Mapatano
Hotuba iliyosomwa Tukuyu mbele ya Wajumbe wa Mkutano Mkuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Katika sherehe kama hii ni desturi kuhesabu magunia, maghala na fedha. Kazi hiyo imekwisha kufanywa vyema na Katibu wetu, nami sina la kuongeza. Kamati imeniomba niseme juu ya jambo lisiloandikwa katika daftari la mahesabu, nalo ni maji. Nyote mnajua kwamba baadhi ya vyama vya msingi vimeleta maombi ya kujengewa mabanio na mifereji, na kwamba maombi hayo yatafika mbele ya Mkutano Mkuu. Basi kabla hatujapiga kura juu ya saruji na nondo, yafaa tujiulize swali moja: Mfereji ni kitu gani?

Jawabu langu nalitoa mapema, ili yeyote asipoteze njia katika maneno mengi. Mfereji ni mapatano ya watu, na saruji hufuata nyuma. Penye mapatano, hata mfereji wa udongo na mawe hudumu vizazi vingi. Pasipo mapatano, banio la chuma laweza kuwa silaha ya jirani juu ya jirani.

Nchi yenye maji mengi

Huenda mjumbe wa Tukuyu akanong'ona, "Sisi tunaambiwa habari za maji kwa nini? Mvua yetu yapita milimeta 2,000 kwa mwaka. Shida yetu ni matope, wala si ukame." Ni kweli. Lakini tuutazame mwendo wa maji hayo. Kilele cha Mlima Rungwe kimefika karibu meta 2,960 juu ya bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya meta 500. Kati ya kilele na ziwa, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilometa 50 tu. Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka mteremko huo kwa haraka, na kabla ya kuingia ziwani hupita katika uwanda wa Kyela, penye mpunga.

Kwa hiyo yafanyikayo mlimani hayakai mlimani. Mkulima akilima ukingoni mwa mto, udongo wake hushuka na kujaza mto wa mwenzake, na mto uliojaa udongo hufurika mapema. Akipanda mikaratusi juu ya chemchemi, huyapunguza maji ya kiangazi. Wenzake kumi wakifungua mifereji midogo mwezi wa Septemba kwa ajili ya mboga na miche, kila mmoja huona ametwaa maji kidogo, lakini aliye chini huiona hesabu yote kwa pamoja. Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Katika habari ya maji, mwenye shibe ni yule aliye juu.

Mifongo, ndiva na baraza la Wabatemi

Wako watu wanaodhani kwamba umwagiliaji uliletwa Afrika ya Mashariki na wataalamu wa kigeni. Sivyo. Huko Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, yako mabaki ya mashamba na mifereji ya mawe yenye kuenea eneo la kilometa za mraba zipatazo 20, ambayo yalitumiwa tangu karne ya 15 hivi hata karne ya 18. Wamarakwet wa Kenya wamepitisha mifereji yao ukingoni mwa majabali, na mifereji hiyo ni mali ya koo zao.

Kwa Wachagga mfereji huitwa mfongo. Mara nyingi mfongo hukumbukwa kwa jina la babu aliyeuchimba, na watu wa ukoo wake waliheshimiwa katika kuutunza. Lakini kuuheshimu ukoo si kuuachia kazi. Mfongo ulipobomoka, wote waliokunywa na kumwagilia kwa maji yake walitakiwa kutoka na majembe yao. Asiyetoka alitozwa faini, na asiyelipa faini alikosa zamu yake. Maji yaligawanywa kwa siku na kwa saa, huyu asubuhi, yule jioni. Mwenye zamu alijua jina la aliyemtangulia na la atakayemfuata.

Wapare waliongeza busara nyingine, nayo ni ndiva. Hilo ni lambo dogo lililojengwa juu ya mashamba. Usiku, watu walalapo, mfereji hulijaza. Asubuhi hufunguliwa, na maji yaliyokusanyika hutoka kwa nguvu hata kufika shamba la mbali. Angalieni hekima yake. Kijito kidogo kikiachwa kitiririke mchana kutwa, aliye karibu hunyeshea na aliye mbali hupata unyevu wa mchanga. Kikikusanywa usiku, hata wa mwisho hupata haki yake. Ndiva haikuongeza tone moja la mvua. Ilichofanya ni kuutendea haki usiku uliokuwa unapotea bure.

Na kwa Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, katika nchi iliyo karibu na Ziwa Natron, maji yamekuwa chini ya baraza la wazee waitwao wenamiji. Baraza hilo ndilo lililopanga zamu na kuwaadhibu wezi wa maji.

Mabibi na Mabwana, sisemi kwamba desturi hizo zote zilikuwa za haki tupu. Wenamiji walikuwa na haki ya kwanza ya maji, na wengine walilipa ili wapate. Wanawake, ambao ndio walioshika jembe siku nyingi zaidi, mara nyingi hawakuwa na kiti katika baraza la maji. Hayo hatuna haja ya kuyarudia. Tunalolitaka kutoka kwa wazee hao ni jambo moja: walijua kuwa kazi ya mfereji haimaliziki siku ya kuchimba, bali huanza siku hiyo.

Onyo kutoka kwa jirani zetu

Si lazima twende mbali kutafuta onyo. Ng'ambo ya pili ya safu ya Uporoto, katika mkoa huu huu wa Mbeya, uko uwanda wa Usangu. Mito ya Chimala, Kimani, Mbarali na Ruaha Mkuu hushuka kutoka Uporoto na Kipengere kuuingia uwanda ule, kama mito yetu inavyoshuka kwenda Kyela. Kabla ya Uhuru, wahamiaji wa Kibaluchi walikuwa wamekwisha kuanza kilimo cha mpunga wa kumwagilia huko, na wakulima wengine wakafuata. Baadaye yakaja mashamba makubwa ya Serikali.

Mabanio ya kwanza ya wakulima wadogo yalijengwa kwa miti, nyasi, mawe na udongo. Yalivuja, tena yalichukuliwa na mafuriko kila mwaka. Wafadhili na wataalamu wakaona huo ni upungufu, wakasaidia kujenga mabanio ya saruji yenye milango ya chuma. Lakini likatokea jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Banio la miti lilipovuja, maji yaliyovuja yalikuwa riziki ya aliye chini. Banio la saruji halivuji. Aliye juu aliweza sasa kuyatwaa karibu maji yote ya kiangazi, na aliye chini akabaki na mto mkavu. Kilichoitwa maendeleo kwa mfereji mmoja kikawa hasara kwa mfereji wa pili.

Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mto ambao ndio mama wa mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Wafugaji, wakulima na wenye kulinda wanyama wamelaumiana kwa miaka mingi, na mwaka 2006 wafugaji wengi waliondoshwa Usangu pamoja na mifugo yao. Sababu za ukame ule ni nyingi, wala sitaki kumhukumu mtu. Lakini hakuna atakayekana kwamba mashamba yaliongezeka kwa haraka kuliko mapatano.

Huko Moshi chini nako kuna funzo. Kwa msaada wa Wajapani ulikamilishwa mwaka 1987 mradi wa mpunga wenye mifereji mizuri ya saruji na majaruba yaliyosawazishwa. Mavuno yakawa makubwa. Wakulima waliokuwa juu, nje ya mipaka ya mradi, walipoona faida ile, nao wakalima mpunga kwa maji ya mto ule ule, na maji yaliyofika katika mradi yakapungua. Wao hawakuwa wevi. Walikuwa wakulima kama wenzao, ila hawakuwamo katika mapatano. Ramani ya mradi ilikuwa na mipaka, lakini mto haukuwa nayo.

Kisiwa cha Bali

Sasa niruhusuni niwachukue mbali kidogo, hata kisiwa cha Bali katika nchi ya Indonesia. Nakitaja kwa sababu kinafanana na kwetu kuliko mtu awezavyo kudhani. Ni nchi ya volkano, yenye udongo mweusi wenye rutuba, yenye ziwa ndani ya shimo la volkano kama Ngosi yetu, na mito iendayo mbio katika mabonde yenye kina. Katika miteremko hiyo Wabali wamechonga majaruba ya mpunga kama ngazi, na kwa muda wa miaka ipatayo elfu moja wameyagawa maji kwa vyama viitwavyo subak.

Subak ni ushirika wa kweli. Mwanachama ni kila mwenye jaruba linalopata maji katika mfereji mmoja, hata ikiwa anakaa kijiji kingine. Wana mkuu wao waliyemchagua, wana kanuni zao, wana faini zao. Panapogawanyika mfereji huwekwa gogo au jiwe lililochongwa mianya, na upana wa kila mwanya ni haki ya kila upande. Mtu yeyote, hata asiyejua kusoma, aweza kuona kwa macho yake kama amedhulumiwa. Ziko subak zipatazo 1,200, zenye wakulima kati ya 50 na 400 kila moja. Mwaka 2012 Shirika la UNESCO liliitia mandhari ya subak katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Juu ya subak yako mahekalu ya maji, na kubwa lao ni hekalu la Ziwa Batur. Wabali walio wengi ni Wahindu, na ibada yao si yetu. Lakini katika mikutano ya mahekalu hayo subak nyingi za bonde moja hupatana ni nani atapanda lini na ni lini wote watapumzisha mashamba.

Swali la mtu mwenye akili ni hili: Aliye juu anakubali kwa nini? Maji yampitia yeye kwanza, nani atamlazimisha? Mtaalamu wa Kimarekani, J. Stephen Lansing, alilichunguza swali hilo kwa miaka mingi, na katika mwaka 1991 akatoa kitabu juu yake. Jawabu aliloliona ni hili. Aliye chini huogopa ukame, lakini aliye juu huogopa panya na wadudu. Majirani wote wakipanda pamoja na kuvuna pamoja, mashamba yote hukaa bila mpunga kwa wakati mmoja, na wadudu hufa kwa njaa. Wa chini akinyimwa maji, atapanda wakati wake mwenyewe. Na hapo wadudu watahama kutoka shamba la chini lililovunwa kwenda shamba la juu lenye mpunga mbichi, na kurudi tena, bila kukosa chakula mwaka mzima. Basi aliye juu hutoa maji, naye hulipwa kwa usalama wa mpunga wake.

Katika miaka ya 1970 Serikali ya Indonesia, kwa nia njema ya kuongeza chakula, iliwahimiza wakulima wapande mbegu mpya za muda mfupi mara nyingi kadiri wawezavyo, bila kungojea kalenda ya mahekalu. Mavuno ya kwanza yalifurahisha. Halafu ratiba za maji zikavurugika, na wadudu na magonjwa ya mpunga yakaenea vibaya. Dawa zikanyunyizwa, na wadudu wakazizoea. Katika miaka ya 1980 wakulima walirudia kupanga kwa pamoja, na maofisa wakaanza kukiri kuwa mapatano yale ya kale yalikuwa na kazi yake.

Mambo ya kwetu

Hapa Rungwe hatuna mahekalu ya maji, lakini hatukutoka utupu. Wanyakyusa walijulikana ulimwenguni kwa desturi ya vijiji vya rika: vijana wa umri mmoja walijenga kijiji chao, wakalima na kula pamoja. Bibi Monica Wilson, aliyefanya utafiti hapa pamoja na mumewe katika miaka ya 1930, aliandika kwamba msingi wa maisha hayo ulikuwa ukwangala, yaani furaha ya kukaa na wenzio kwa wema. Na huko Lubaga, Lwembe alipofanya matambiko ya kuomba mvua, watawala wa sehemu mbalimbali walihusika. Maana mvua haikuwa ya kijiji kimoja.

Ukwangala wa rika ulikuwa wa jirani na jirani, mtu na mtu waonanao kila siku. Maji yatutaka tuuongezee urefu. Yanataka ukwangala wa mtu wa Isongole na mtu wa Kyela wasiojuana kwa sura. Na chombo cha kuwakutanisha ni ushirika. Katika miaka ya 1950, Kyela ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Rungwe, mkulima wa kahawa wa mlimani na mkulima wa mpunga wa bondeni walikuwa watu wa wilaya moja. Katika miaka ya 1970 mpaka wa wilaya ukakatwa kati yao. Na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchini kote, hata Sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu tena. Mpaka ule ni wa utawala tu. Mto Mbaka haukupokea barua ya kuugawa.

Lakini tumjibu pia yule aliye juu, kama Wabali walivyomjibu. Yeye atapata nini? Kwetu si panya watakaomlipa; ni chama chenyewe. Mwaka bei ya kahawa inapoanguka, ni mpunga na kakao vya bondeni vitakavyokishika Chama Kikuu kisianguke. Mwaka mafuriko yanapochukua mpunga, ni kahawa, chai na parachichi za mlimani zitakazolipa mshahara wa mtunza ghala. Mkopo wa mbolea wa mtu wa juu umedhaminiwa na mazao ya mtu wa chini. Basi anayemkausha mwenzake anakata mguu wa kiti alichokikalia mwenyewe.

Mambo matano

Kwa sababu hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mashauri matano kwa Mkutano Mkuu.

Kwanza, fedha za chama zisitolewe kujenga banio lolote kabla ya watumiaji wote wa mto ule, wa juu na wa chini, wanachama na wasio wanachama, kukaa kikao kimoja na kutia sahihi hati ya mapatano.

Pili, hati hiyo ieleze zamu za kiangazi kwa siku na kwa saa, na kiasi cha maji ambacho hapana mtu atakayeruhusiwa kukigusa, kwa kuwa ni haki ya mto na ya walio chini. Mlango wa banio ujengwe hivi kwamba kiasi hicho kitapita hata ukifungwa.

Tatu, wanawake wanaolima wawe na viti katika kamati ya maji, wala wasingoje kuwakilishwa na waume zao. Anayejua ni saa ngapi maji yalikatika ni yule aliyekuwa shambani.

Nne, ulinzi wa chemchemi na kingo uhesabiwe kuwa kazi ya mfereji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli zenye kuharibu ndani ya meta 60 za ukingo wa mto. Lakini sheria bila msaada humfanya maskini kuwa mhalifu. Chama kimpe miche ya miti ya asili na soko lake yule ambaye shamba lake liko ukingoni.

Tano, tuzitumie ofisi tulizo nazo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yaruhusu wakulima kuunda jumuiya za watumia maji, na kuyatumia maji kwa kibali. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ina makao yake hapa hapa Tukuyu. Hatuna udhuru wa kusema ofisi iko mbali.

Najua wako watakaosema mambo haya yatachelewesha ujenzi. Ni kweli, yatauchelewesha. Huenda mwaka mzima ukapita katika vikao kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Lakini mwaka wa vikao ni rahisi kuliko miaka thelathini ya ugomvi, na Usangu ni shahidi. Miaka kumi iliyopita sisi wenyewe tulikaa vikao vingi kabla ya kununua mzani wa kwanza, maana tulitaka kwanza kukubaliana ni nani atakayeusoma. Mzani ule waaminika hata leo kwa sababu hiyo. Na mfereji tuupime vivyo hivyo: tuanze na imani ya watu, kisha tuchukue sepetu.

Nawatakieni nyote heri ya miaka kumi, na mvua ya kiasi.